Visiki vya Gashishi

Muhoro wa kufyekea niliourudisha ghalani juzi si ule niliopewa siku ya kwanza. Ule wa kwanza ulikwisha kwa kunolewa, ukabaki mwembamba, na mke wangu anakatia nao majani ya mihogo mpaka leo. Mlinicheka, ninyi vijana wa kikosi, mliponiona nikiukagua ule mpya kabla ya kuutoa mkononi. Chekeni tu. Chuma hicho nimekaa nacho kuliko nilivyokaa na watoto wangu, maana wao wameoa na kuolewa wakaenda zao, na chenyewe kilikuwa kinanisubiri kila asubuhi.

Mmeniomba habari za kazi. Za nani alipewa unyapara na nani alinyimwa sitaandika, mnazijua, na zingine mnazitia chumvi kuliko mimi. Nitaandika tulivyoanza, siku za Wadachi, kabla bendera haijabadilika. Na nitaandika habari za Gashishi, kwa sababu mnapita pale kila mwezi mkienda Minago na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini ile miti imesimama duara duara.

Mimi si mzaliwa wa Rumonge. Nilikuja na mjomba wangu kutoka Ujiji, tukifuata mawese. Mtumbwi wetu ulikuwa ukipita Gatete, Rumonge, Minago mpaka Kabezi, tukishusha chumvi na vitambaa, tukipakia mitungi ya mawese. Kazi ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa kijana mwenye maringo. Ndipo malale ikaingia pwani. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anakuwa mkali bila sababu, halafu anaanza kusinzia mchana, mpaka unamkuta amelala na tonge liko mdomoni. Nyumba tulizozoea kuingia tukakuta majani yameota mlangoni. Wadachi wakasema mitumbwi isitembee ovyo, inahamisha ugonjwa. Mtumbwi wetu ukapinduliwa mchangani. Mjomba akarudi kwao kwa miguu akinung'unika njia nzima, nami nikabaki Rumonge na kafi lisilo na kazi. Waliposema wanataka watu wa kufyeka pwani, nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Mnyapara wetu aliitwa Songoro, Mmanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, mfupi, kifua kipana, ulimi mkali. Asubuhi ile ya kwanza alishika mikono yangu akaigeuza kama mtu anayenunua viazi.

"Hii mikono iko ya kupiga kafi," akasema. "Kuvuta inajua. Kukata hayijui bado."

Akanipa muhoro, ule wenye ncha iliyopinda wanaoutumia Warundi, na kinoo cha kunolea, akaniweka mbele ya kichaka. Nilikata kwa nguvu zangu zote. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa ameinama anatazama visiki vyangu. Nilikuwa nimekata mshazari, kila kisiki kimechongoka.

"Umepanda mikuki," akasema. "Kesho mwanamuke anapita hapa na mutungi kichwani. Chini hatazami. Nani atamutoa hiyo kwa mguu? Wewe?"

Nilirudia vyote, chini kabisa, sawasawa na udongo. Halafu akaniambia ningoje, kazi haijaisha, sasa ni kung'oa. Hilo ndilo alilolikazania kuliko yote. Kisiki, alisema, ni mtu amelala tu. Mvua ikija anaamka, na akiamka anaamka na ndugu zake. Alituchimbisha mpaka mzizi utoke na udongo wake. Kikosi cha Kabezi kilikuwa kikikata na kuchoma na kwenda zao, nasi bado tuko shimoni. Tulimlaani kimoyomoyo. Lakini tulipopita kwa wenzetu baada ya mvua tulikuta kichaka kimerudi kama hakikuguswa, na kwetu palikuwa uwanja.

Sababu ya haya yote ni mbung'o, nzi anayeeneza malale. Mbung'o hapendi jua. Anakaa kivulini karibu na maji, ananyonya kiboko, mamba, mbwa na mtu, hachagui. Ukimwondolea kivuli, anaondoka. Ili kujua kama ameondoka, mmoja wetu alivaa mgongoni kitambaa cheusi kilichopakwa ulimbo, akatembea taratibu pwani yote, na nzi wakaja kunasa. Tulimwita huyo bibi harusi, kwa sababu alitembea polepole na kila mtu alimtazama. Ulimbo tuliupika kwa utomvu wa mvumu, mti unaotoa maziwa meupe ukiukata. Nitaurudia mti huo.

Tulifyeka kutoka nchi kavu kwenda majini, kamwe si kinyume, ili kiboko aliyelala kwenye matete awe na pa kukimbilia. Mwenzetu mmoja alijitia ujuzi akaanzia majini. Kiboko akatoka na kupita juu ya jiko letu. Mtu hakuumia, lakini maharage hayakupona.

Basi tukafika Gashishi.

Palikuwa na nyumba tisa, kwenye mdomo wa kijito kati ya Rumonge na Minago. Wakulima watupu. Samaki walikula kama wengine, lakini walinunua. Wao walilima maharage, mtama, ndizi, na walikuwa na michikichi. Kila nyumba ilikuwa na uzio wake wa duara, ndiyo Warundi wanaita rugo, na neno hilo kwao ni uzio, ni nyumba, ni mume na mke na watoto, yote pamoja. Nyuma ya kila rugo shamba la michikichi lilishuka moja kwa moja mpaka mchangani. Kwa hiyo ukitaka kujua mchikichi ni wa nani, unatazama shamba lake linaanzia nyuma ya rugo la nani. Hawakuwa na mpaka mwingine, na hawakuwahi kuuhitaji.

Mkubwa wao alikuwa Barutwanayo, mushingantahe, yaani mtu aliyekabidhiwa kuamua kesi za wenzake. Mtu wa maneno machache, ambayo aliyasema yakiwa yameshaamuliwa. Lakini mtu ninayemkumbuka zaidi ni jirani yake, Inabukuru. Maana yake mama wa Bukuru, na Bukuru kwao ndilo jina la pacha wa kwanza. Mapacha wale wawili walikufa wadogo, jina likabaki kwa mama. Mumewe alichukuliwa na malale mwaka mmoja kabla hatujafika. Alichomwachia ni michikichi aliyoipanda walipooana, nayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzaa vizuri. Mama yule aliitazama kila asubuhi mkungu kwa mkungu, kama mwingine anavyotazama ng'ombe wake.

Bwana Daktari alikuja Gashishi kabla hatujaanza. Alikuwa Mdachi mwembamba, mgonjwa wa tumbo, mwenye haraka kwa sababu pwani ilikuwa ndefu. Alisema kwa mkalimani, na neno lake lilikuwa fupi: pwani ikiwa safi na nzi hawapo, mtabaki. Nzi wakionekana, mtahamia mlimani.

Hamjapata kuona watu wakifanya kazi vile. Wanaume, wanawake, hata vikongwe. Tulifyeka Gashishi kwa muda mfupi kuliko mahali pengine popote, tukang'oa mpaka mwisho, na miti iliyokatwa tukairundika tayari kuichoma. Mingi ilikuwa mivumu. Inabukuru akaja akasimama mbele ya rundo. Akachukua fimbo moja, akaikwangua kwa ukucha, maziwa yakatoka.

"Amahoro, mzee," akamwambia Songoro. "Hii munachoma?"

"Tunachoma, mama."

"Miti iko muzima, munachoma? Rugo yangu iko wazi tangu bwana yangu alale. Mbuzi za watu zinaingia mpaka jikoni."

Songoro alicheka. Alikuwa amewapenda watu wale, na siku ile alikuwa na furaha. "Beba, mama. Beba yote. Moto hautasikia njaa."

Akabeba. Wenzake walipoona, nao wakabeba. Hakuna Mrundi anayeweza kutazama mti wa kujengea uzio ukiteketea bure, ni kama kumwambia mtu atazame chakula kikimwagwa. Mpaka jioni nyumba zote tisa zilikuwa zimezungushiwa fimbo mpya, zimenyooka, zimefungwa kamba za migomba. Walituletea pombe ya ndizi. Mimi nikapewa ndizi mbivu, kwa sababu walijua sinywi, na Inabukuru alinichagulia mwenyewe. Bwana Daktari alipopita akaona mchanga mweupe na nyumba nadhifu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamshika Songoro bega. Nilimwona mnyapara wangu akijizuia kutabasamu, na hakuweza.

Sote tulikuwa pale na sote tulipendezwa. Nalisema hili kwa sababu baadaye mtu mmoja alijitwisha mzigo wote peke yake.

Tulipelekwa kufyeka kwingine, Kabezi, halafu kusini ya Gatete. Masika yalipita, na mengine, na mengine. Tuliporudi Gashishi kukagua, mchanga ulikuwa safi kama tulivyouacha. Hakuna jani. Wenyewe walikuwa wakiukwatua kila mwezi bila kuambiwa. Lakini nyuma ya mchanga tuliona kijani. Fimbo za mvumu zilikuwa zimeshika mizizi. Ndivyo ulivyo mti huo, ukiuchomeka hai ardhini unaota, na wao walijua unaota, walitaka uote, rugo la miti hai ndilo rugo la watu wenye heshima. Ziligeuka miti yenye matawi, maharage yamepanda juu yake, mibono imeota chini. Kila nyumba ilikuwa imekaa ndani ya kivuli kizito, hatua chache kutoka majini. Ndani yake palikuwa na ubaridi mzuri. Barutwanayo alitukaribisha humo akiwa na fahari.

Songoro alisimama langoni asiingie. Akageuka kwa bibi harusi wetu, akamwambia avae kitambaa. Yule akatembea pwani yote, akarudi bila nzi hata mmoja. Akaingia kwenye marugo. Alipotoka, mgongo wake ulikuwa na mbung'o.

Songoro aliwabandua nzi wale mmoja mmoja kwa kidole, akakaa chini kwenye udongo, mtu ambaye hakuwahi kukaa kazini.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliwapa."

Bwana Daktari hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, mtu angemchukia akapumzika. Alikuwa amezika watu wengi mno pwani ile, na katika Gashishi yenyewe wawili walikuwa wameanza kusinzia mchana. Alisema: wakate uzio wote kabla ya mwezi mwandamo, wabaki. Wasipokata, wahamie mlimani. Songoro aliona mlango umefunguliwa, akapiga moyo konde, akaenda kwa Barutwanayo nami nikimfuata.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nisingelijua kwa kufyeka miaka mia. Kwa watu wale, rugo halikatwi wenyewe wakiwa hai. Uzio ukianguka kwa kuzeeka, unajengwa. Mwenye nyumba akifa bila mtu, unaachwa uanguke, na hapo wanasema nyumba imezimika. Mtu akilikata rugo lake kwa mkono wake amejizima mwenyewe, na nyumba iliyozimika haitajwi tena, kwa sababu anayeitaja anajiitia kuzimika.

"Mzee," Songoro akasema, "munakata leo, kesho munajenga kwa matete, matete makavu, hayana kivuli. Michikichi inabaki yenu."

"Nikate rugo, halafu nani atabaki?" Barutwanayo akajibu. "Munatuambia tujizike juu ya michikichi?"

"Mutaondoshwa hapa."

"Mutu anaondoka na rugo yake inabaki inamungojea. Atarudi. Ule alikata, anarudi wapi?"

Songoro alisema naye mpaka sauti ikamkauka. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akasema kwa Kiswahili, akasema kwa Kirundi chake kibovu, akabembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Jibu lilikuwa lile lile. Nilikuwa kijana na niliona ni ukaidi. Sasa sijui. Walikuwa wanachagua kati ya kupoteza mahali na kujipoteza, na hakuna aliyewapa la tatu.

Kulipokaribia mwandamo, Inabukuru alikuja kambini kwetu.

"Nikikata yangu," akauliza, "nitabaki na michikichi yangu?"

Songoro alimwambia kweli. Alisema hajui, pengine Bwana Daktari akiona mmoja ameanza atawapa wengine muda, pengine nao watamfuata. Alimwambia pia kwamba pengine hapana. Mama alifikiri kidogo.

"Bwana yangu alipanda ile miti kwa mikono yake," akasema. "Mimi sina mutoto wa kuniita jina. Kama kuzimika, nimekwisha zimika. Kujeni."

Tulikwenda. Jirani zake walitoka wakasimama malangoni mwao, hakuna aliyesogea. Niliinua muhoro wangu, naye akanishika mkono.

"Acha. Kwanza mwenyewe."

Akauchukua muhoro akakata nguzo mbili za lango. Alikata mshazari, kama nilivyokata mimi siku yangu ya kwanza, na Songoro hakumkosoa. Mke wa Barutwanayo alifunika uso kwa nguo. Halafu mama akanirudishia muhoro, akaenda kukaa kwenye michikichi yake akitupa mgongo, nasi tukafanya kazi. Tuliifanya kama tulivyofundishwa. Tulikata, tukachimba, tukang'oa kila mzizi, tukafukia mashimo, tukasawazisha. Songoro alikuwa anataka Bwana Daktari apakute safi kabisa, asiwe na la kusema. Tulipomaliza usingejua kwamba uzio uliwahi kuwapo pale. Nyumba ilisimama peke yake, imevuliwa.

Asubuhi iliyofuata nilimwona Inabukuru akienda kuomba moto kwa jirani, kama walivyofanya siku zote. Walimpa, lakini walimwekea kaa nje, chini, wakarudi ndani.

Hakuna aliyemfuata. Bwana Daktari alikuja, akaona nyumba moja wazi na marugo manane ya kijani. Songoro alimweleza yote, alimwomba yule mama angalau aachwe. Yule Mdachi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa uchovu kwamba nzi hajui uzio wa nani, anatoka kwa jirani anaingia kwake. Hilo lilikuwa kweli. Waliondoka wote. Nane walifunga malango yao kwa matawi ya miiba kama mtu anayesafiri. Inabukuru hakuwa na lango la kufunga. Alibeba hata mafiga yake matatu kichwani, kwa sababu alisema hakuna kitakachomngojea.

Mlimani palikuwa na baridi, udongo wa mawe, na mchikichi hauoti. Tulisikia habari zao kwa wapagazi. Barutwanayo alikufa huko kwa kifua, na mkewe baada yake. Songoro hakumaliza mwaka mwingine. Malale ilimpata yeye mwenyewe, naye aliyewafyekea wengine. Alichomwa sindano katika kambi ya wagonjwa, macho yakafifia, na mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa ananoa muhoro kwa kupapasa. Aliniuliza kama Gashishi wamerudi. Nikamwambia bado. Hakuuliza kitu kingine.

Wakarudi. Wadachi walikuwa bado hawajaondoka, vita havijafika ziwani. Bwana Daktari mwingine alipima pwani, akasema ugonjwa umepungua, wa Gashishi waruhusiwe. Kati ya masika yale yote kijito kilikuwa kimefurika na kuhama njia, moto wa kichaka umepita, michikichi imejizalia mingine ovyo ovyo mpaka huwezi kusema upi ulipandwa na upi umejipanda. Nyumba zote zilikuwa zimeoza. Lakini mivumu ilisimama, duara nane, mirefu, na kila ukoo ukashuka mlimani ukaenda moja kwa moja kwenye duara lake. Walishika mashina ya ile miti, wengine walilia. Nyuma ya duara waliyapima mashamba yao mpaka mchangani, bila kugombana, kwa siku moja.

Inabukuru alishuka naye, amekonda, amepinda mgongo. Alitembea huku na huku kwenye nyasi. Akasema rugo lake lilikuwa kati ya la Barutwanayo na linalofuata. Misago, mtoto wa Barutwanayo, akasema hapana, la mama lilikuwa la mwisho upande wa kijito, na kijito kimelila. Misago hakuwa mwongo. Tangu kabla mama hajaolewa pale alikuwa mbali, anabeba mizigo ya Wadachi mpaka Tabora, alisimuliwa tu. Wengine walikuwapo na waliona. Waliulizwa, wakatazama chini. Nyumba aliyoizima mwenyewe haitajwi, na wao walikuwa na watoto wa kuwaogopea.

Ndipo bashingantahe, wale wazee wa kuamua kesi, walipotuma mtu Rumonge kuniita. Nani mwingine? Songoro amekufa, na mimi ndiye niliyekata.

Nilikwenda nikiwa na hakika. Njia nzima nilikuwa na hakika. Nilimwona mama amekaa pembeni, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja na dawa. Wazee wakaniambia: wewe si wa hapa, kulitaja hakukudhuru, weka mguu wako palipokuwa na lango, kisha uape kwa Mungu wako, yatakwisha.

Nikatembea. Nilijua lilikuwa kati ya yale mawili. Nilikumbuka moshi wa mke wa Barutwanayo ulikuwa ukitujia usoni tukichimba. Lakini upepo wa ziwa unageuka, na nilikuwa nimefyeka pwani nzima tangu siku ile, vichaka vimechanganyika kichwani. Nilitafuta shimo, nilitafuta mzizi, nilitafuta hata kovu kwenye udongo. Nilipiga magoti nikapapasa nyasi mbele ya watu. Hapakuwa na kitu. Tulikuwa tumeifanya kazi vizuri mno.

"Unaapa, Hamisi?" mzee mmoja akauliza.

Sikuweza kusema ni hapa. Ningeweza kusema ni huku, upande huu, na nikasema hivyo. Wakauliza tena kama naapa, mguu uko wapi. Mimi ni mtu wa kusali, na jina la Mungu siliingizi kwenye jambo nisilolijua kwa hakika. Nikakataa kuapa. Mpaka leo nauliza kama Mungu angenihesabia dhambi, na imamu wetu niliyemuuliza alijikuna ndevu tu.

Waliamua kama ilivyopaswa waamue: hakuna alama, hakuna kiapo, michikichi inabaki na wenye mivumu. Mama akapewa mahali pa kujenga kwa kuhurumiwa, karibu na njia, bila shamba. Mtu pekee aliyekata kama alivyoambiwa, ili asipoteze michikichi, ndiye pekee aliyeipoteza, na waliokataa walisimama chini ya miti yao.

Hakulalamika. Alinijia nikiwa bado na majani magotini.

"Usiumie, mwana wangu," akasema. "Mulifanya kazi muzuri. Hata mimi sijapaona."

Hakujenga pale. Alikwenda Minago kwa dada yake, akawa anakamua mawese ya watu mpaka alipokufa. Nilimpelekea chumvi kila nilipopita, naye kila mara alinipa kichupa cha mawese nisichokistahili.

Basi, vijana. Yote aliyonifundisha Songoro nimewafundisha: kateni chini, kateni sawa, anzeni nchi kavu, ng'oeni mizizi. Yashikeni, ni ya kweli, na mbung'o bado yupo. Moja tu nalibadilisha, na kama angekuwa hai naamini angenikubalia. Mkitumwa kukata rugo la mtu, mkakuta mwenyewe amekubali na amekata wa kwanza kwa mkono wake, acheni kisiki kimoja. Upande wa lango. Kikiota, mkikate mwakani, na mwaka mwingine tena, lakini msikitoe. Mkubwa wenu atakuja, atakiona, atakasirika. Mwacheni akasirike.